"Tutakuletea Picha": Nilichojifunza Nikipanga Safari ya Kilwa Kisiwani

Mwaka jana, tukiwa mwaka wa pili, nilimwambia rafiki yangu maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwambia, "Usijali, tutakuletea picha."

Rafiki mwenyewe hapa nitamwita Prof, jina alilopewa na darasa kwa sababu hakuna mhadhiri ambaye hajabishana naye. Prof anatembea kwa magongo, na njia ikiwa ndefu anatumia kiti mwendo. Safari ilikuwa ya kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, sisi wanafunzi wa ualimu tunaosoma Historia. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya safari.

Hakuna aliyemkataza Prof kwenda, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Tuliangalia ramani, tukaona bahari, mchanga na mawe, tukamalizia wenyewe vichwani. Yeye akacheka kidogo, akasema, "Sawa katibu, leteni picha." Tukaenda, tukarudi, picha zikaletwa, 214. Akaziangalia moja moja kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa albamu ya harusi ya watu asiowajua. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa kwenye mtihani swali la Kilwa nitajibu kwa picha ya nani?"

Mwaka huu tumekwenda tena, na Prof alikuwemo. Naandika makala hii kwa ajili ya wenzangu wa ualimu, na kwa yeyote anayepanga safari ya mafunzo kwenye eneo la kale. Nitaeleza tulivyopanga, tulipokosea, na kwa nini safari ya pili ilitufundisha historia zaidi ya ile ya kwanza.

Kwanza, mahali penyewe

Kwa asiyepajua: Kilwa Kisiwani ni kisiwa kilichoko mkoani Lindi, ng'ambo ya mji wa Kilwa Masoko. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, halafu unavuka kwa chombo. Ukisimama Masoko unakiona kisiwa, wala si mbali.

Huko ndiko ulikokuwa mji uliotawala sehemu kubwa ya biashara ya pwani hii, hasa dhahabu iliyotoka Sofala, kusini. Masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 nyingine ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wareno wakauvamia mji mwaka 1505, wakakaa miaka michache tu. Baadaye wakaja Waomani. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Yaliyosimama leo ni Msikiti Mkuu wenye kuba na matao yake, boma la Makutani, Gereza karibu na ufuko, misikiti midogo na makaburi. Upande wa mashariki, juu ya mwamba, yapo mabaki ya Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia na birika lenye pembe nane.

Kingine, kisiwani wanaishi watu. Kuna kijiji, watoto wanakwenda shule, wavuvi wanatengeneza nyavu. Kupanga safari ya huko ni kupanga kuingia kwenye makazi ya watu. Hili nalisema mapema kwa sababu safari ya kwanza tulilisahau kabisa.

Kibali: barua inayosema ukweli wote

Huwezi kushuka tu kisiwani ukaanza kuzunguka. Unapitia kwanza ofisi inayosimamia magofu pale Kilwa Masoko, unalipia kiingilio, unapewa kibali na mwongozaji. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ndiyo maana hata kigae kilichovunjika ukikiona njiani unakiacha hapo hapo.

Barua yetu ya mwaka jana ilikuwa na mistari minne: chuo, idadi, tarehe, "tunaomba ushirikiano wenu." Tulipewa huduma sawasawa na barua yetu. Mwongozaji alitukuta ufukoni bila kujua sisi ni wanafunzi wa nini, akatupa maelezo anayompa kila mgeni. Kosa halikuwa lake.

Safari hii barua ilijaa ukurasa mzima. Tuliandika tuko 26, tunasomea ualimu wa Historia, tunataka kukaa muda mrefu sehemu tatu kuliko kupita haraka sehemu nane. Tukaeleza kwamba tutachora na kupima kwa futi kamba bila kugusa kuta. Halafu tukaeleza wazi: mwenzetu mmoja anatumia magongo na kiti mwendo, tunaomba ushauri wa mahali pa kushukia na njia ya kupita, na tunaomba kujua kama magurudumu yanaweza kuharibu sakafu za kale.

Swali hilo la mwisho ni la Prof mwenyewe. Mimi sikuliwaza. Nilidhani kazi yetu ni kudai njia ipatikane basi. Yeye akasema, "Mimi ni mwanafunzi wa historia pia. Sitaki nije nipasue lipu ya miaka mia sita halafu mseme ni haki yangu." Baada ya simu mbili tatu tukakubaliana na mwongozaji: nje, kiti mwendo kipite kwenye njia za udongo na nyasi. Ndani ya Msikiti Mkuu, kiti kibaki mlangoni na Prof aingie kwa magongo yenye vifuniko vya mpira chini. Mpira ule ulikuwa umekwisha, tukanunua mpya kabla ya safari. Ni kitu kidogo sana kwa bei, lakini bila simu ile tungekigundua kule.

Wapo waliosema tunaomba upendeleo. Jamani, hapana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 30 inataja maisha ya utamaduni, pamoja na kufika kwenye maeneo ya kumbukumbu kadiri inavyowezekana. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tunazikariri hizi kwenye kozi ya elimu jumuishi na tunapata alama nzuri. Mimi nilipata A. Mwezi huo huo nikamwambia mtu tutamletea picha.

Maji hayakusubiri ratiba yako

Sasa tuje kwenye bahari, ambako ndiko tulikoumbuka zaidi mwaka jana.

Safari ya kwanza tulichagua Jumamosi iliyotufaa sisi. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tulifika saa nne na nusu asubuhi, maji yamekupwa yameenda mbali. Boti ikashindwa kusogea. Tukashuka kwenye maji ya magotini, viatu mkononi, tukakanyaga matope na mawe makali mpaka ufukoni. Wawili walikatwa miguu. Tulirudi tukihadithia kama ushujaa, na ushujaa huo huo ukawa ushahidi wetu: "Unaona? Prof asingeweza."

Nahodha mmoja mzee wa Masoko ndiye aliyetufumbua macho kwa simu mwaka huu. Nilimwamkia, nikamweleza shida. Akauliza, "Nani aliwachagulia siku ile? Mlikuja na bamvua, mwanangu."

Somo lenyewe ni hili, na mtu wa pwani atanisamehe kwa kumfundisha anachokijua. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na hayo ndiyo maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, kwa hiyo mida ya saa nne, saa tano asubuhi yanakuwa yamekupwa. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yanajaa mida hiyo hiyo ya saa nne, saa tano. Kila siku saa za kujaa zinasogea mbele kwa dakika kama 50.

Maana yake, kikundi kinachotaka kufika asubuhi na chombo kisogee mpaka mchangani kichague siku za maji mafu. Hapo hata yakipwa mchana hayakimbii mbali. Tulichukua kalenda ya mwezi na majedwali ya maji, tukatafuta siku inayofaa, ndipo tukaitafutia kibali na Kosta. Mwaka jana tulianza na Kosta.

Ongeza upepo. Miezi ya kusi, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, bahari inaweza kuchafuka mchana. Sisi tulikwenda Juni, kwa hiyo tukapanga kuvuka asubuhi na kurudi Masoko kabla ya saa nane na nusu. Na usipange Ijumaa ukategemea watu wa kijijini wawe na wewe saa sita, saa saba. Wanakwenda kuswali.

Barabara na mifuko yetu

Barabara ya kusini ni nzuri kuliko wazee wanavyoikumbuka, hasa tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko. Lakini masika si ya kuchezea. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara ile maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Usipange safari ya wanafunzi kati ya Machi na Mei kwa sababu tu bumu limeingia.

Kuhusu bumu: mwaka jana tulichanga kila mtu sawa na hatukubakiwa na akiba. Safari hii tuligawa bajeti mafungu manne: gari, chombo, kibali na mwongozaji, chakula na malazi. Juu yake tukaweka akiba ya shilingi 3,000 kila kichwa. Akiba hiyo ndiyo iliyonunua mbao mbili nyepesi za kutembelea mchangani, kamba, na mipira ya magongo. Kuna mtu aliuliza kwenye kikao kama hizo mbao azilipie Prof. Kabla sijafungua mdomo, dada mmoja wa nyuma akajibu, "Majaketi ya kujiokolea analipia asiyejua kuogelea?" Kikao kikaendelea.

Tulilala Masoko usiku mmoja kabla. Hili ni la lazima. Ukitoka Dar usiku ukavuka asubuhi ile ile, watu wanasinzia msikitini, na mtu anayetumia mikono yake kutembea amefika akiwa amechoka kabla ya kazi kuanza.

Punguza vituo, ongeza swali

Kwenye kozi ya mbinu za kufundisha tunaambiwa somo lianze na lengo. Mwaka jana lengo letu lilikuwa "kuona Kilwa." Tuliona vituo vinane kwa saa tatu. Husuni Kubwa tulifika mbio, tukapiga picha kwenye birika, tukageuka.

Safari hii kamati ilijiwekea sharti moja: hakuna sehemu ya somo itakayofanyika mahali ambapo mmoja wetu hawezi kufika. Ukilikubali sharti hilo, ratiba inajikata yenyewe. Songo Mnara ikatoka. Husuni Kubwa, yenye mwinuko na njia ya mbali, ikawa mgogoro. Nusu ya darasa hawakuwahi kuiona, na walikuwa na haki ya kulalamika. Prof mwenyewe alisema, "Nendeni, mimi nitawasubiri Gereza." Nikaona tunarudi kule kule kwenye picha.

Ufumbuzi ulitoka kwa yule nahodha. Akasema, "Kwani lazima muitazame kwa nyuma? Tutapita nayo majini." Kwa hiyo Husuni Kubwa tukaamua kuiona kutoka baharini, wote 26, kabla ya kutua.

Siku yenyewe

Tuliondoka Masoko saa tatu na nusu, maji yanajaa. Pale gatini Prof alitupa somo la dakika mbili: "Ukitaka kunisaidia, niulize nikuambie unishike wapi. Usinivute mkono, huo ndio mguu wangu." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemshika bila kumuuliza siku nzima. Kiti mwendo kilikunjwa, kikafungwa kwa kamba. Kila mtu akavaa jaketi.

Nahodha alipunguza injini chini ya mwamba wa Husuni Kubwa. Kutoka pale unaona mwamba na miti zaidi ya kuta. Mwongozaji akaanza kueleza, halafu akanyamaza na kutuuliza: kama wewe ni mfanyabiashara umetoka Aden na shehena yako, kitu cha kwanza kukiona ni nini? Tukatazama juu. Ilikuwa dhahiri. Sultani alijenga pale ili aonekane na aone. Mwaka jana nilisimama ndani ya kasri lile nikiwa nimeipa bahari mgongo, na swali hilo halikunijia.

Tulitua karibu na Gereza kwenye saa nne. Kwa taarifa yako, neno "gereza" lenyewe linaaminika kutokana na neno la Kireno la kanisa. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, juu ya msingi wa Wareno. Chombo kilisogea mpaka mchangani, ubao ukawekwa, Prof akashuka.

Mchanga ndio uliotutoa jasho. Magurudumu madogo ya mbele yalizama kila baada ya hatua mbili. Mbao zetu tulizokuwa tukipokezana mbele zilisaidia, lakini polepole mno. Mzee mmoja wa kijijini alitutazama, akashindwa kuvumilia. "Mgeuzeni. Mvuteni kinyumenyume, magurudumu ya mbele yainuke." Tukamuuliza Prof, akasema jaribuni. Kiti kikateleza kama mkokoteni mtupu. Tulibeba mbao kutoka Dar, na jibu lilikuwa limekaa chini ya mwembe.

Sehemu ya njia ya kwenda Makutani ilikuwa na mawe yaliyochomoza, ikabidi tuzunguke. Tulipoteza kama dakika 25. Sitaficha, minong'ono ilikuwepo. Mtu mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mwaka jana saa hizi walikuwa wameshamaliza." Prof alisikia. Mimi pia. Hakuna aliyejibu, na kimya kile kiliniuma kwa sababu mwaka jana mwenye kauli hiyo ningekuwa mimi.

Ndani ya Msikiti Mkuu tulikaa dakika 40. Sehemu yake ya zamani zaidi, ya kaskazini, inatajwa kuwa ya karne ya 11 au 12. Ile kubwa yenye nguzo na kuba ni ya upanuzi wa karne ya 14 na matengenezo ya baadaye. Prof alisimama kwa magongo, akachoka, akakaa kwenye mkeka tuliomwekea chini. Sisi nasi tukakaa. Ukikaa chini unaona vitu vingine. Tuliona jinsi jiwe la ukutani lilivyo na matundu, maana ni matumbawe, na mwongozaji akatueleza aina mbili: lile gumu la kuchimbwa nchi kavu kwa ajili ya kuta, na lile laini la kukatwa baharini likiwa bichi, linalochongwa vizuri kwa mihirabu na fremu za milango. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa magogo ya miti. Tukaanza kuhesabu kazi: wa kupiga mbizi, wa kukata magogo, wa kuchoma, wa kubeba, wa kuchonga. Majina yao hayapo popote.

Hapo nikatoa swali nililoandaa. Ibn Battuta aliusifu mji huu kwa uzuri, lakini akaandika kwamba umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa nyasi za matete. Sisi tumekaa ndani ya jiwe. Nani mwongo?

Mwaka jana nadhani tungejibu haraka kwamba msafiri alikosea. Safari hii mjadala ulichukua muda. Mmoja akasema labda aliona sehemu tu ya mji. Mwingine akasema nyumba za mawe zenyewe zilitumia boriti za mikoko darini, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Halafu Prof akasema taratibu, "Labda wote wawili ni wakweli. Watu wengi waliishi nyumba za miti na udongo, zimeoza. Wenye uwezo walijenga kwa mawe, yamebaki. Kwa hiyo tukisema tunasoma Kilwa, tunasoma Kilwa ya nani?"

Mwongozaji alitikisa kichwa kukubali, akatuonyesha kwa mkono upande wa kijiji, kwenye nyumba za miti na udongo zilizoko pale hadi leo.

Hilo ndilo somo nililokwenda kulitafuta mara mbili. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni kile kilichopewa nafasi ya kubaki. Picha zangu 214 za mwaka jana nazo zilikuwa historia ya namna hiyo hiyo, historia ya waliofika tu.

Tuliondoka kisiwani saa nane kasoro, maji yakishuka taratibu. Boti ilielea vizuri.

Ukipanga ya kwako

Kwa atakayepanga, iwe Kilwa, Kaole, Kunduchi au kwingineko, huu ndio mpangilio tuliobaki nao:

1. Waulize wote kabla ya kuchagua tarehe: nani anahitaji nini ili afike na ashiriki? Uliza faragha, si kwa kunyoosha mikono kikaoni. Wapo wenye pumu, wajawazito, wasiojua kuogelea, wasioona vizuri.
2. Mwenye hitaji aingie kwenye kamati. Asiwe ajenda ya kamati.
3. Angalia mwezi na maji kwanza, halafu kibali, halafu gari.
4. Andika barua yenye ukweli wote, na piga simu kwa mwongozaji na nahodha mwenyewe. Wanajua kuliko ramani.
5. Chagua vituo vitatu na swali moja gumu. Kituo kisichofikika na wote kitafutiwe njia nyingine ya kuonekana, au kiachwe.
6. Linda mahali penyewe: usipande kuta, usiokote kitu, vaa kwa stara, salimia wenyeji kabla ya kupiga picha.
7. Weka akiba, na gharama za kumfikisha mtu mmoja zibebwe na wote.
8. Ongeza muda wa nusu zaidi ya uliokadiria, na waambie watu mapema kwamba mtatembea polepole.

Mwakani wengi wetu tutakuwa madarasani, na kila mmoja atakuwa na Prof wake, pengine mtoto wa darasa la saba asiyeweza kujieleza kama huyu wetu. Mtoto huyo hatabishana nawe. Ukimwambia utamletea picha, atasema sawa mwalimu.

Tukiwa kwenye Kosta kurudi Dar, kabla ya Rufiji, Prof aliniuliza nimepiga picha ngapi safari hii. Nikafungua simu, nikahesabu. Zilikuwa 11, na tatu kati yake ni za wali wa samaki tuliokula Masoko.

Faili lenye barua, bajeti na majedwali ya maji nimeliacha ofisi ya serikali ya wanafunzi. Kamati ya mwakani ilichukue. Mwenyekiti wake ameshapatikana, ni Prof, na tayari ameanza kubishana na nahodha kuhusu siku ya kwenda Songo Mnara.